Shahidi wa Pili wa Mwezi

Nilifunga safari ya Johannesburg kwa sababu ya simu moja. Nilikuwa nyumbani Tanga nachambua mchele, Rukia, binti wa kaka yangu Hamisi, akanipigia. Kazaliwa huko huko, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. "Shangazi, wewe kuja tu," akaniambia. "Mara ya kwanza nililia peke yangu."

Rukia ni mhandisi. Ofisi yao ndogo inatengeneza kamera za kupiga picha udongo wa Mwezi. Siku hizi kuna kampuni binafsi huko ng'ambo zinazorusha vyombo visivyo na watu hadi Mwezini, zikibeba vifaa vya wanasayansi kwa nauli, kama basi linavyobeba vifurushi. Kamera yao ya kwanza ilipanda chombo kilichotua vibaya, kikalala chali, kikazimika. Hamisi, kwa nia njema kabisa, alimfariji mwanawe hivi: "Hamkukiona kikianguka, mnajuaje kimekufa?" Rukia akajifungia chumbani. Sasa kamera ya pili ilikuwa imesharushwa, na ikipotea na hiyo, ofisi inafungwa. Nikamwambia nakuja.

Dar es Salaam nilipanda basi nikiwa na begi moja na kikapu cha halua. Kuanzia hapo tukawa wasafiri wawili, mimi na kile chombo, na kusema kweli chenzangu kilikuwa na raha zaidi, maana hakikusimamishwa mpakani.

Tunduma tulipanga foleni juani. Zambia nililala, nikaamka, bado ni Zambia. Daraja la Chirundu tulilivuka asubuhi, Zimbabwe ikatupokea kwa mvua, na miguu yangu ikavimba kama maandazi. Beitbridge, afisa wa forodha aliifungua halua yangu, akaibonyeza, akainusa, akaniuliza ni sabuni ya aina gani. Nikamkatia kipande. Alikula, akaita mwenzake naye aje akague. Niliposhuka Johannesburg halua ilikuwa imepungua, lakini bado ilifaa kwa sherehe.

Mayfair, anakokaa kaka yangu, nilifika jioni. Hamisi ana duka la vitambaa kati ya maduka ya Wasomali, hatua chache kutoka msikitini. Alikuja kunipokea kwa gari, na njiani kila robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, ilituwakia nyekundu, naye akapata nafasi ya kunieleza ratiba. Siku chombo kitakapotua ni ishirini na tisa Shaabani, siku ya kutafuta mwezi wa Ramadhani.

"Kwa hiyo mimi ofisini kwa Rukia siendi," akasema. "Mimi na wazee tunapanda kilima cha mtaa wa Observatory kuangalia mwezi."

Lazima nimweleze kaka yangu hapa. Kwa suala la mwezi hana mchezo. Mwezi wa kusikia redioni haupokei, wa kupigiwa simu ndiyo kabisa. Ukimwambia umeandama, anakukazia macho na kukuuliza maswali yake: umeuona au umeambiwa? Na mwingine aliyeuona nani? Bila mashahidi wawili anaokaa nao uso kwa uso, kwake mwezi bado. Tangu tuko watoto anabishana hivyo, na mimi namchokoza hivyo hivyo.

Usiku ule mezani, wifi yangu akitupakulia, Rukia alitueleza jambo nililolipenda sana. "Chombo kinakula jua," alisema. "So kinashuka asubuhi ya kule, kipate mchana mzima, kama wiki mbili zetu. Na ile line nyembamba Baba anatafuta kilimani, ndiyo asubuhi yenyewe. Pale pale, ukingoni, ndiyo tunashuka."

Hamisi aliacha kutafuna. "Pale pale?"

"Pale pale, Baba."

Akamwongezea nyama.

Siku yenyewe, baada ya adhuhuri, Rukia alinipeleka ofisini kwao, upande wa kusini karibu na La Rochelle. Mlinzi wa getini, Papa Jules, mtu wa Lubumbashi, alinishika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Leo mimi sikule kitu. Niko naomba Mungu juu ya ile mashini." Nikataka kumpa halua, Rukia akanizuia. Mara ya kwanza walinunua keki mapema, ikaja kuliwa na siafu. Safari hii hakuna chakula kitakachofunguliwa mpaka kamera iongee. Nikakiweka kikapu chini ya kiti na kukikalia ulinzi.

Alasiri chumba kilijaa vijana waliotega masikio kwenye spika. Sauti kutoka ng'ambo ilikuwa ikitaja urefu uliobaki, na kila ukipungua Rukia alinibana vidole. Kisha sauti ikanyamaza. Mimi nilianza kusoma kila dua ninayoijua. Iliporudi ilisema chombo kimetua na kimesimama wima, vijana wakakumbatiana, lakini Rukia hakuinuka kitini.

"Hicho ni basi tu, Shangazi," alininong'oneza. "Mzigo wangu bado."

Kamera ilitakiwa iamshwe, ifungue kifuniko chake, ipige picha na kuituma. Tukangoja. Nje ngurumo zikaanza, mawingu yakafunika jiji, na saa ya magharibi ikakaribia. Rukia alikuwa ameweka paji la uso mezani. Niliogopa kweli, nikawa namsugua mgongo tu kama nilivyofanya alipoletwa Tanga utotoni akashikwa na homa.

Picha ikaanza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Kwanza weusi. Halafu udongo wa kijivu, changarawe moja moja, na juu ya udongo ule kivuli kirefu cha mguu wa chombo, kivuli cha asubuhi. Rukia aliinua kichwa, akaangalia, akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye, tukicheka. Papa Jules aliingia bila kubisha hodi, akaanza wimbo wa kanisani kwao, na hakuna aliyemzuia.

Hapo hapo simu ya Rukia ikaita. Ilikuwa Hamisi kutoka kilimani.

"Mawingu matupu huku, mwanangu. Hatujauona."

"Baba, mimi nimeuona."

Kisha ile sauti yake ya kuhoji: "Umeuona au umeambiwa?"

"Nimeuona. Naangalia sasa hivi."

"Na mwingine aliyeuona nani?"

Rukia akanipa simu. Nikavuta pumzi, maana tangu utotoni sijawahi kumpa kaka yangu ushahidi akaukubali. "Mimi, Kaka. Nimeuona, una changarawe."

Nilimsikia anavuta makamasi. "Kwa kufunga siupokei," alisema, "huo mmeuona kwa mashine. Kwa furaha, naupokea."

Nikakifungua kikapu. Wa kwanza kupewa alikuwa Papa Jules, akafungulia swaumu yake kwa halua ya Tanga. Haukupita muda Hamisi akapiga tena: upepo umefungua wingu, yeye na wazee wameuona, mwembamba kama ukucha, kesho tunafunga.

Nilirudi nyumbani katikati ya Ramadhani kwa njia ile ile, kikapu kitupu. Nilipofika, jua lilikuwa limeshazama kule Mwezini na kamera imezimika, ila picha zote zilikuwa zimefika, na ofisi ya Rukia ilikuwa imepata kazi nyingine. Nimejifunza kwamba mtu mwenye furaha kubwa anahitaji mtu wa kumwambia: na mimi nimeona.

Jioni ya mwezi wa Idi nilikuwa uani na majirani, tumeuona wote. Simu ikaita.

"Mwanaidi, huku mvua," Hamisi akasema. "Huko vipi?"

"Tumeuona, Kaka. Lakini si ulisema wa simu huupokei?"

Nilimsikia akigeuka na kumwita Rukia. "Mwambie mama yako apike," alisema. "Shangazi yako ameuona."