Siku Walipomjia Senge

Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, alikuwa dada mdogo wa baba yangu, na aliendesha trekta katika shamba la mahindi upande wa Endebess. Ilikuwa miaka ya themanini, na hatukumjua mwanamke mwingine mwenye kazi hiyo. Alivaa suruali hata Jumapili. Mimi nilikuwa nasoma sekondari Kitale, nikikaa naye katika chumba cha kupanga karibu na Kipsongo, pamoja na mtoto wake wa miaka mitatu.

Mume wake alipofariki tulimzika kwao Bungoma. Wiki chache baadaye Senge alirudi kwenye trekta, na maneno yakaanza. Ati hakulia vya kutosha. Ati arithiwe na shemeji yake, ambaye tayari alikuwa na mke.

Walikuja Jumamosi mchana, shemeji huyo na mzee mmoja wa ukoo wao. Senge aliwapikia chai. Nilikaa kitandani, mtoto mapajani.

"Mulamwa," shemeji alisema, maana ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu, "funga vitu. Tunaenda nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Hapa ni kwa wenyewe."

"Basi hata mimi ni mwenyewe."

Mzee alikohoa, akasema kwa upole kwamba mwanamke akikataa nyumba ya mumewe, siku akifa hakuna atakayemchimbia kaburi. Kwetu hilo si neno dogo. Nilimtazama Senge. Alikuwa anamimina chai, na hakumwaga hata tone.

"Nikifa mtajua la kufanya," alisema. "Kwa sasa niko hai, na Jumatatu naenda kazini."

Shemeji alisimama, akamnyakua mtoto kutoka mikononi mwangu, akatoka naye.

"Kaa na kazi yako. Mtoto ni wetu."

Mimi nilipiga mayowe. Senge alivaa gambuti zake, akawafuata bila haraka mpaka stendi, nami nyuma yake, akimwambia mtoto aliyekuwa analia, "Niko hapa. Tunaenda pamoja." Watu waliacha biashara zao, wakatufuata.

Shemeji aliingia kwenye gari la Bungoma. Senge naye akaingia, akaketi kando yake.

"Unaenda wapi?"

"Mahali mtoto wangu anaenda. Tukifika nitasimama sokoni niwaambie watu mlivyompata."

Mzee aliangalia nyuso zilizojaa dirishani.

"Mpe mtoto wake," alisema.

Shemeji hakusogea. Mzee alirudia kwa Kibukusu, sasa bila upole, na mikono ya shemeji ikalegea, Senge akamchukua mtoto.

Tuliporudi, Senge alifunga mlango kwa komeo, akaketi sakafuni.

"Uliogopa?" nilimuuliza.

"Sana. Hata sasa naogopa."

Kwa miezi mingi alienda na mtoto shambani, akimketisha mbele yake kwenye trekta. Mimi nami nilishtuka kila niliposikia hatua nje ya mlango.

Miaka ya tisini, mtoto alipoanza kuuliza kuhusu watu wa baba yake, Senge alimpeleka mwenyewe Bungoma kumwona nyanya yake. Niliwasindikiza. Alikaa uani na suruali yake, akala kuku aliyechinjiwa, akaitikia salamu za shemeji kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyemwambia abaki. Jioni tulirudi Kitale, mtoto akiwa amebeba ndizi alizopewa na nyanya yake.