Mwaka Ambao Hatukwenda Kuhesabiwa

Watu wa Morogoro wana utani wao na sisi Wachaga. Ikifika katikati ya Desemba, ukikutana na mtu sokoni hakuulizi habari za kazi wala za watoto. Anakuuliza unaondoka lini kwenda kuhesabiwa. Wanaamini, au wanajifanya kuamini, kwamba Mchaga asiporudi Kilimanjaro wakati wa Krismasi jina lake linafutwa kwenye ukoo. Miaka tisa tuliyopanga Mwembesongo, vyumba viwili na choo cha kuchangia, nilikuwa nacheka nao huku nafunga mabegi. Sikuwaambia kwamba kwetu utani huo ni kweli tupu.

Mama yangu anahesabu. Jikoni kwake Rombo kuna ubao ukutani wenye misumari, na kila msumari umebeba kikombe cha bati. Kila mtoto ana chake, kila mkwe, kila mjukuu, na chini ya kikombe mama amekwaruza alama ya mwenyewe. Changu kina pengo ukingoni tangu nikiwa darasa la kwanza, nilipokiangusha nikakana. Siku ya Krismasi, saa kumi na moja jioni, mama anashusha vikombe kimoja kimoja, anamimina chai, na kila mtu anakuja kuchukua chake. Kinachobaki msumarini ni cha aliyekosekana. Mama anakitazama tu, na sisi sote tunakitazama. Tangu baba afariki, kikombe changu hakikuwahi kubaki.

Mwaka huo nyumba tuliyokuwa tunajenga Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, ilikuwa imefika mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angesubiri kidogo. Bati lilikuwepo. Milango ilikuwepo miwili. Madirisha ya mbele yalikuwa na vioo, ya nyuma yalikuwa na nailoni, na dari tulikuwa tunaisikia kwa majirani. Mume wangu akasema tunahamia. Yeye anafanya kazi kiwandani Mzinga, ni mtu wa vipimo na maneno machache, lakini akishasema amesema. Tukahama wiki ya kwanza ya Desemba, mvua ya vuli ikitunyeshea magodoro, watoto wetu wawili wakishangilia kama tumeenda harusini. Sijapata hata pa kuweka sufuria, akaongeza la pili. Krismasi ya kwanza, moto uwake kwenye jiko letu. Hatuendi kaskazini.

Niliwaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sauti ninayo, na siku hiyo nadhani walinisikia mpaka mlimani. Nilimuuliza kama yeye ndiye atakayeenda kumweleza mama. Aliendelea kupigilia nailoni dirishani. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilijua ana haki. Mtu hawezi kujenga nyumba kwa miaka sita halafu sikukuu ya kwanza aifunge kufuli.

Haki hiyohiyo nilikuwa nimeshaisikia kwa mtu mwingine. Jirani yetu wa karibu ni mama mmoja Mluguru, rika la mama yangu, anayeishi peke yake kwenye shamba la migomba aliloachiwa na mama yake. Mwanawe mmoja yuko Dar, binti yake ameolewa Kisaki. Siku tuliyohamia alikatiza mpakani akiwa na kipande cha fenesi, nikampa shikamoo, akaitika marahaba kwa ile lafudhi ya mlimani inayovuta maneno taratibu. Akaizunguka nyumba yote akiitazama. Kisha akauliza kama tutakaa, au tumejenga tu. Akasema watu wa kaskazini anawajua, wanajenga huku, ikifika Krismasi wanafunga milango na kuwaachia wao mbwa wa kulisha. Alikuwa anacheka, lakini utani mwingine una mfupa ndani.

Nikajikuta katikati. Kule kikombe kitabaki msumarini, huku bado ni mpita njia. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: mama akubali kwamba sasa nina kwangu, asione kwamba nimemkimbia.

Nilimpigia Jumapili baada ya misa. Nilizunguka sana, nikaeleza habari za dari, za mvua, za mafundi, mpaka yeye mwenyewe akaniuliza kama ninaumwa. Ndipo nikasema. Akakaa kimya, nikasikia kuku wake.

"Haya," akasema. "Wewe ni mwalimu, unajua kuita mahudhurio. Mimi kikombe chako nitakiacha mahali pake."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Usiku huo nilimnunia mume wangu, na kesho yake, na keshokutwa mpaka saa sita mchana, nikaacha kwa sababu nilihitaji anishushie gunia la mchele.

Baada ya hapo nikajiambia, kama ni kukaa, tukae kweli. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwakaribisha majirani kula nasi Krismasi. Karibu wote ni Waislamu, wakulima na wachuuzi wanaoshuka na mboga alfajiri, na wote walikubali kwa moyo. Mume wangu akanunua mbuzi. Kwa kuwa wageni wetu ni Waislamu, nikapanga na jirani kwamba mdogo wake, mzee mmoja wa kofia na maneno laini, aje saa tatu asubuhi atuchinjie, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Nikamwambia mume wangu. Yeye mpaka leo anasema sikumwambia. Nilimwambia, alikuwa juu ya ngazi na misumari mdomoni, akaitikia "mm".

Siku ya Krismasi niliwachukua watoto tukawahi misa ya kwanza. Mume wangu alibaki, eti lazima mtu amlinde mbuzi. Tuliporudi, ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani na hewa ilinukia udongo wa mvua. Nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Nikakata kona ya nyumba, nikamkuta mbuzi ananing'inia kwenye boriti ya banda, nusu ameshachunwa, na mume wangu amekunja mikono ya shati anaimba Kichaga.

Miaka yote tisa mjini nyama tulikuwa tunanunua buchani. Mara pekee anazochinja ni Krismasi, kabla hatujaenda kwenye chai ya mama, kule kwao, ambako mwanamume huamka asubuhi na kumshika mbuzi wake mwenyewe bila kumwomba mtu. Mkono ulimpeleka kwao. Nilimuuliza ni nani aliambiwa atachinja. Akanitazama, akamtazama mbuzi, akanitazama tena, nikaona linamwingia taratibu kama maji kwenye mchanga. Nikamwambia maneno ambayo hayafai siku ya Krismasi, na ninayakumbuka yote.

Sijamaliza, mzee wa kofia akatokea. Saa tatu kamili, na kisu chake amekiviringisha kwenye gazeti. Tulimpa shikamoo wote wanne kwa pamoja, kama darasa. Akaitikia. Akamtazama yule mbuzi kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

"Naona mmewahi," akasema, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kuna neno, kibudu, la nyama isiyochinjwa kwa Bismillahi, na Mwislamu hali. Hakulitamka. Ule ustaarabu wake ndio ulioniumiza, kwa sababu nilikuwa nimekaribisha watu kama thelathini na sina cha kuwapa. Nikaona jinsi itakavyosimuliwa: wale wa kaskazini walituita karamuni, wakatuwekea kibudu. Nikaona na kikombe changu Rombo, msumarini, nikajiona mjinga wa pande zote mbili.

Nikakatiza migomba kwenda kwa jirani. Nilimkuta anakuna nazi kwa ajili ya karamu yetu, amekaa kwenye mbuzi yake ya kukunia, na hilo nalo likanitia uchungu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Machozi yalikuwa karibu, nayasukuma nyuma kwa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza, akasema kwa hiyo asubuhi hii mbuzi anayefaa pekee Bigwa nzima ni huyu aliyemkalia.

Akajifuta macho, akawa na mipango. Mbuzi ni wenu, akasema, mle nyinyi na wenzenu wa kanisani, asitupwe hata kwato. Sisi tutakula vyetu, lakini tutakula hapohapo kwako. Na kisu cha mdogo wake hakiwezi kurudi nyumbani hakijafanya kazi. Akauliza kama nina kuku. Nilikuwa na majogoo wawili niliohama nao kutoka Mwembesongo, niliopanga waje kuiamsha nyumba mpya. Hawakuiamsha tena. Mzee alisimama kutoka kwenye ndoo, akasema Bismillahi, na heshima ya nyumba ikarudi.

Ikawa karamu ya mioto miwili. Upande wa karo la kufulia mbuzi, upande wa migomba kuku. Majirani walikuja na sufuria zao, miiko yao, kuku wengine watatu na wali wa nazi ambao mpaka leo nikiufikiria nasikia njaa. Mume wangu alipelekwa uhamishoni kwenye moto wa mbuzi, akapepea makaa kwa adabu kubwa, na mzee wa kofia akahamishia ndoo yake huko kumliwaza. Watoto wangu walikula pande zote mbili na kukana pande zote mbili. Kila aliyeingia aliulizwa "wa karo au wa migomba?" na kicheko kikaanza upya. Nilimsamehe mume wangu kwenye saa nane hivi, ingawa sikumwambia.

Saa kumi na moja jioni simu yangu ikalia. Mikono yangu ilikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko, na simu ilikuwa kwenye kiti karibu na jirani. Niliona jina la anayepiga. Ndiyo saa ya vikombe. Nilisita, na jirani akaona kusita kwangu. Aliniuliza ni nani, nikasema mama. Wiki nzima nilikuwa nimemsimulia habari za ule ubao na misumari yake. Akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

Akasema shikamoo. Mama naye, akidhani anasikia sauti ya mtu mzima asiyemjua, akasema shikamoo. Hakuna aliyeitikia. Wakaulizana umri kwa muda mrefu, kila mmoja akidai mwenzake ndiye mkubwa, mpaka wakakubaliana kuacha. Kisha jirani akainuka na simu yangu mkononi, akaanza kuwanyooshea watu wangu kidole mmoja mmoja, mume wangu kwenye makaa, watoto kwenye ngazi, mimi na mafuta yangu.

"Mama mwenzangu, wako wanne. Nimewahesabu mwenyewe kwa macho, hakuna aliyepungua."

Kimya cha upande wa pili nilikijua. Safari hii hakikuwa na kuku, kilikuwa na watu wanaopokezana vikombe.

"Na wewe," mama akauliza, "uko na nani?"

Jirani akacheka kidogo. Akasema yeye yuko peke yake na migomba yake, sikukuu yake ni Idi, na Idi iliyopita wa Dar alituma salamu na wa Kisaki alikwama kwa uzazi. Alisema kama mtu anayesema habari za hali ya hewa. Mama akasema haya. Wakaagana kwa dua ndefu, kila mmoja kwa dini yake, na simu ikakatika bila mimi kusema hata neno moja. Nikabaki nimeshika kipande cha nyama, sijui kama nimesamehewa au nimefungiwa mlango.

Siku nne baadaye kondakta wa basi alinipigia nikachukue mzigo stendi. Sanduku la karatasi lililofungwa kwa kamba za migomba, jina langu kwa mwandiko wa mama. Nililitikisa, likagonga bati. Nikajua kabla sijafungua. Sikuweza kusubiri nyumbani, nikakata kamba palepale juu ya benchi. Cha juu kabisa kilikuwa kikombe chenye pengo ukingoni.

Nililia stendi, mbele ya wauza mayai. Niliona amening'oa. Kikombe cha mume wangu kilikuwepo, na vya watoto, vyote vinne, na kule Rombo misumari minne mitupu. Ndipo nikaona chini kuna cha tano, kipya, bado kina karatasi ya dukani, na kimekwaruzwa alama nisiyoijua, kama jani la mgomba. Nikampigia mama papo hapo.

"Vikombe vinakaa pale watu wanapokunywa," akasema. "Hicho kipya ni cha mwenzangu. Ukihesabu, usimruke."

Mume wangu alitafuta ubao, akapima mara tatu, akapigilia misumari mitano. Mimi nilimpelekea jirani kikombe chake. Alikigeuza chini, akapitisha kidole kwenye lile jani mara mbili. Kisha akanirudishia.

"Kitundike huko huko," akasema. "Nikikiweka hapa nitakunywa na nani?"

Siku ya Mwaka Mpya, saa kumi na moja jioni, nilichemsha chai ya tangawizi na kushusha vikombe kama nilivyofundishwa. Vinne vikawa mezani, cha tano kikabaki msumarini. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamwita jirani.