Breki za Pikapu ya Mayai

Mtaani walimwita Tuni, kwa sababu alikuwa akitengeneza injini kwa kuisikiliza tu. Gari likiingia uani kwake, kabla dereva hajazima, yeye ameshajua tatizo liko wapi. Ndiyo maana masikio yalipoanza kumgomea, hakumwambia mtu. Lilianza la kushoto, la kulia likafuata. Akajifunza kutazama midomo ya watu na kuitikia kwa kichwa. Siku moja mteja alimuuliza gari litakuwa tayari saa ngapi, naye akajibu kwamba mama watoto hajambo. Mteja akacheka akidhani ni utani. Tuni naye akacheka, lakini moyoni alikuwa amenywea.

Wakati huo binti yake wa kwanza alikuwa amerudi nyumbani. Alikuwa ameachana na mumewe, akaja na mabegi yake na pikapu kuukuu aliyoitumia kusambaza mayai kwenye maduka ya bondeni. Baba na binti wakaishi nyumba moja kama wapangaji wasiojuana. Binti alipita kimya, na Tuni, akidhani ni huzuni ya ndoa tu, akamwacha apumue.

Asubuhi moja binti alimfuata uani akasema jambo. Tuni alipata neno moja tu, breki, lakini lilimtosha. Alipokanyaga pedali ilizama sana, na handibreki haikushika hata kwenye mwinuko mdogo wa getini. Brekishuu za nyuma, zile pedi zinazobana kutoka ndani, zilikuwa zimelika, zinataka kusogezwa karibu na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Kazi ya kila siku.

Akainua upande wa kushoto kwa jeki, akajaribu kuzungusha gurudumu. Halikusogea. Ndipo alipokumbuka kwamba pikapu ile ina difu inayokamata, gia ya ekseli ya nyuma, ile ya magari ya matope, isiyokubali gurudumu moja lizunguke vivi hivi huku mwenzake amekaa chini. Akaweka mawe kwenye matairi ya mbele, akainua nyuma yote, akaiweka juu ya stendi, gia huru, handibreki imeachiwa. Sasa alipozungusha la kushoto, la kulia lilifuata.

Hapo jasho likaanza kumtoka. Ukikaza brekishuu kwa bisibisi kupitia kitundu kilicho nyuma ya dramu, unazungusha gurudumu na kungoja mkwaruzo mwepesi, kisha unalegeza kidogo. Kwenye gari la kawaida mkono unaweza kukuambia. Kwenye difu ile magurudumu yanaburutana, na mkono haujui uzito ni wa difu au wa breki, wa kushoto au wa kulia. Sikio ndilo linalotenganisha. Tuni aliinamisha kichwa, akakunja uso. Hakupata kitu.

Binti alikuwa ameketi nyuma yake kwenye kreti tupu. Akamwambia kwamba la kulia linakwaruza. Akarudia. Baba yake hakugeuka. Mwishowe Tuni alishusha gari, akafuta mikono, akasema kazi imekwisha.

Binti akaona fundi ndiye anayejua. Alipakia trei zake, akashika usukani. Tuni alimtazama akiwasha gari. Angeweza kusema ukweli. Badala yake alifungua mlango wa abiria akaketi, akidai anataka kuona pedali inavyoshika.

Barabara ya bondeni inashuka kwa kona kali. Pedali ilikuwa juu, imara, na Tuni akaanza kujipa moyo. Mara akanusa kitu kinaungua. Alipoinua mkono ili amwambie binti apunguze mwendo, tayari walikuwa kwenye kona ambapo waosha magari walikuwa wamemwaga maji. Binti alikanyaga breki. Dramu ya kulia, iliyokwisha kupata joto kali, ikauma ghafla, difu ikaliburuta na gurudumu la kushoto, na nyuma yote ya pikapu ikateleza kuelekea mtaroni. Binti aliachia pedali, akanyoosha usukani, akakanyaga tena kidogo kidogo. Gari lilisimama tairi moja likiwa ukingoni. Kule nyuma ute wa mayai ulikuwa unachuruzika.

Binti alikuwa anasema kitu huku amekazia macho kioo cha mbele, machozi yanamtoka. Tuni hakuambulia hata neno. Akamshika bega, akamgeuza.

"Sema ukinitazama, mama. Sisikii."

"Husikii nini?"

"Karibu kila kitu. Tangu mwaka jana. Breki hizi nimezikaza kwa kubahatisha, nikakuacha uondoke nazo."

Alingoja kufokewa. Binti, mikono ingali kwenye usukani, akamuuliza, akifungua midomo vizuri, kama alimsikia siku ile aliporudi, aliposimama nyuma ya baba yake jikoni akimweleza kwa nini amemwacha mumewe. Tuni hakuwa na habari hata kidogo.

"Nilikueleza yote, Baba. Wewe ukaendelea kuchuja chai. Nikajua umenikataa."

Maneno hayo yalimtisha kuliko ile kona. Akamwomba aanze upya. Binti akaeleza palepale ukingoni mwa mtaro, akirudia kila sentensi iliyompita baba yake, hata ile iliyokuwa ngumu kuisema mara ya kwanza. Tuni alimwambia kwamba alifanya vyema kurudi kwao.

Dramu ilipopoa, walirudi mwendo wa kobe. Safari hii Tuni alilegeza pande zote mbili kabisa, kisha akakaza upande mmoja kwanza, halafu wa pili, huku binti amelala juu ya gunia karibu na gurudumu, akiinua mkono kila aliposikia mkwaruzo na kuushusha ulipoisha. Mama yake binti, mke wa Tuni, akatoka ndani kuuliza mayai yamefanya nini, akaambiwa habari ya masikio. Akasema hilo alilijua zamani: mwanamume gani mzima analala fofofo ilhali mkewe pembeni anakoroma vile?

Kesho yake binti alishuka bondeni peke yake na mayai yaliyosalimika. Tuni alisimama getini mpaka pikapu ikapotea, ndipo akamwomba mkewe ampeleke hospitali ya masikio. Mkewe akamwambia abadilishe shati kwanza.