Jagi la Maji kwa Mtani wa Baba

Kosa langu la mapema, ambalo bado linanichosha, lilikuwa kudhani mtani ni adui. Siku hizi wengi wanasema dabi, lakini redio ya jirani yangu hapa Manzese bado inatangaza mechi ya watani wa jadi, na kila ikitangaza narudiwa na harufu ya wali wa msibani, ule ulioshika chini ya sufuria kubwa.

Nilikuwa na miaka kumi, na daftari nililoandikia maana za maneno bila mwalimu kuniagiza. Nikikosea herufi moja nachana ukurasa. Mbele ya neno mtani niliandika: anayefurahi ukifungwa. Ushahidi ninao, nilijiambia. Mzee Kondo, Mzaramo wa Temeke, alikuja kwetu kila timu ya baba ilipofungwa. Alisimama mlangoni na jezi ya timu yake, akamuuliza mama kama mgonjwa amekula. Baba, fundi seremala, Mnyamwezi wa Tabora, alijifunika shuka gubigubi hata kama ni saa sita mchana. Niliona mabega yanatikisika, nikajua analia.

Baba alifariki siku chache kabla ya mechi ya timu zao. Jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, Mzee Kondo alitokea na jezi ile ile, akajilaza chini, akakingama mlangoni.

"Hapiti mtu. Jumamosi tuna mechi, huyu anakimbia kufungwa."

Watu walicheka. Mama, ambaye tangu juzi hakuwa amenyanyua uso, naye alicheka, kisha ndipo akalia. Mie nilichukua jagi la maji ya kunawa nikammwagia usoni.

"Toka kwetu. We ni adui wa baba."

Mzee Kondo alijifuta kwa jezi, taratibu.

"Huyu mtoto analenga," alisema. "Timu nzima ya baba yake haina anayelenga hivi."

Akainuka, akaweka bega chini ya jeneza.

Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba akikwangua ukoko, kucha zimejaa udongo. Shangazi aliniambia ndiye aliyeanza kuchimba kaburi tangu alfajiri. Akanisimulia alivyosimuliwa yeye: zamani watu wetu walishuka pwani na mizigo kichwani, na aliyefia huku, mbali na ndugu, alizikwa na wenyeji, Wazaramo. Anayekuzika ana ruhusa ya kukucheka. Mpira, alisema, ulilikuta neno hilo lipo siku nyingi, ukaliazima.

Nilitaka kumwomba radhi siku ile ile, lakini maneno hayakuwa tayari. Niliandika, nikachana. Nikaandika tena. Nawaambieni ukweli, iliendelea hivyo miaka kumi na tano, na kila nilipoahirisha, Mzee Kondo alizidi kuzeeka.

Mwaka jana nilikwenda kwake, karatasi mfukoni. Alikuwa kitandani, miguu imegoma. Nilitoa shikamoo, nikaanza kusoma kwamba nimekuja kuomba radhi kwa yale maji. Hakuniacha nimalize sentensi.

"Ishia hapo hapo. Mtani haombwi radhi. Ukiniomba radhi umeshanifanya mgeni. Siku yangu ikifika, nani atanilalia mlangoni? Zamu ilikuwa ya baba yako, na yeye kakimbia."

Nilikunja karatasi. Mimi ambaye ujumbe mfupi wa simu nausoma mara tatu kabla ya kuutuma, sikuwa na neno hata moja nililolifanyia mazoezi. Mzee alikuwa ananingoja. Nikamgeukia binti yake, aliyekuwa ameleta chai, nikamuuliza kama mgonjwa amekula, maana nimesikia jana wamefungwa.

Mzee Kondo alivuta shuka, akajifunika gubigubi. Mabega yalitikisika. Nilikaa pembeni ya kitanda nikiyatazama, na kwa mara ya kwanza nikajua baba alikuwa akifanya nini chini ya shuka lake.

Ukurasa wa neno lile niliuandika upya, kuna herufi nimeikosea, na sijauchana. Timu ya Mzee Kondo ikifungwa, naenda Temeke. Timu ya baba ikifungwa, sizimi simu mpaka Mzee apige.