Vijinzi vya Jikoni na Kibuyu cha Yeyo

Jirani alikinyooshea kidole kibuyu changu cha maziwa. "Ni hiyo inaleta hizi vijinzi! Osha na sabuni, mama."

Sabuni! Jamani! Kibuyu hicho nilipewa na mama mkwe nilipoolewa, na Wamaasai hawakioshi kwa sabuni. Hukisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien mpaka kinukie moshi. Mimi ni Mkamba, lakini hilo nilijifunza mapema. Na Yeyo, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, alikuwa anakuja kwetu Kitengela kesho yake. Kila akipiga simu kutoka Kajiado huuliza, "Kibuyu yangu iko sawa?" Akikataa kukinywea, ningeficha wapi uso wangu?

Lakini vijinzi vilikuwepo, tena vingi. Kwa hasira nikafunika kimoja kwa glasi, nikakipiga picha kwa simu na kuikuza. Nimelima nyanya, wasumbufu hawa nawajua. Wale wa matunda na vitu vilivyochacha wana macho mekundu. Wa udongo wenye unyevu wana miguu mirefu kama mbu. Huyu wangu? Manyoya matupu! Manyoya mwilini, manyoya kwenye mabawa, nayo ameyainamisha kama paa la nyumba.

"Kumbe wewe ni wa sinki!" nikamwambia. Hao huzaliana kwenye utelezi wa ndani ya bomba. Nikalisugua bomba kwa brashi na kumwaga maji moto, huku nikiimba. Kibuyu nikakipitishia kijinga kama kawaida, nikatia maziwa.

Yeyo alifika, nikainamisha kichwa akanigusa utosini, salamu ya Kimaasai. Nilipomwekea kibuyu mbele, kijinzi kimoja kilichosalia kikatua kwenye mdomo wa kibuyu!

"Huyu ametoka wapi?"

"Kwa sinki, Yeyo, si kwa kibuyu. Mwone." Nikampa simu.

Aliitazama picha, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ako na nywele kushinda mbuzi zangu!"

Kisha akakisogeza kibuyu puani, akanusa. Akanywa, akapumua, akanywa tena. Halafu akatoa kwenye kikapu chake chupa iliyojaa maziwa.

"Hii nilibeba ya kunywa," akasema, "nikiogopa sabuni ya Kitengela. Shika, mimina kwa kibuyu yako."