Nusu Saa ya Bi Qu

Qu Shuyan alikuwa mkalimani wa kiwanda cha vifungo vya mashati huko Dalian, China, na kwa miaka kumi na tisa alisema uongo uleule mmoja. Kila mara Bwana Kuwahara, wakala wa mnunuzi wao, alipokuja kutoka Osaka, Japani, kuongeza mkataba, Shuyan alimwambia kikao ni saa nne. Lakini Luan, bosi wake, aliambiwa na Shuyan saa tatu na nusu. Luan ni mtu mwema, lakini kwake nusu saa si kuchelewa, ni kusalimiana na watu njiani. Basi yeye huingia anahema saa nne kasoro dakika tatu, mgeni akabisha hodi saa nne kamili, na siku ikaenda vizuri. Dhambi iko wapi hapo?

Mwaka huu Luan aliitaka sana oda kubwa, akafika saa tatu na nusu barabara. Shuyan alikuwa ghorofani anapanga sampuli, hana habari. Luan akangoja dakika kumi, akaudhika, akatoka nje. Akamkuta Kuwahara amejibanza nyuma ya ukuta wa geti, pua nyekundu kwa baridi, anatazama saa yake, maana kwao kubisha mapema ni kumsumbua mwenyeji. Akamvuta ndani kwenye chai. Lugha moja hawakuwa nayo, ila Wachina na Wajapani hutumia herufi nyingi zilezile, wakaandikiana kwenye karatasi. Kila mmoja akaandika saa ya kikao aliyoambiwa: Luan saa tatu na nusu, Kuwahara saa nne.

Shuyan aliposhuka na kuiona ile karatasi, alijua siri imefichuka. Akaungama yote, mara mbili, kwa lugha mbili.

Kuwahara aliisoma tena ile karatasi. Kisha akaeleza kwa upole kwamba wakubwa wake huongeza mkataba kwa ripoti yake, na kila mwaka sentensi ya kwanza ni kwamba mwenye kiwanda hiki hachelewi. Sasa ataandika nini? Shuyan ilimbidi ayatafsiri hayo mwenyewe, huku akiona kazi yake inakwenda, na kiwanda pia.

Luan alimkazia macho. "Dada Qu, yaani miaka yote hii unanichezea?"

"Ndiyo, bosi. Ningekwambia saa nne, ungekuja tumeshakula mchana."

Luan alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Akagonga karatasi kwa kidole.

"Leo nani kamfuata mwenzake nje? Mwambie aandike kwamba mwaka huu nimewahi kwa nusu saa nzima. Hilo si uongo."

Kuwahara alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, akamwinamia Shuyan kwa heshima, akafungua kalamu kuanza ripoti.