Wiki za Sifuri na Tano

Mtaa mzima ulimwita Mama Mvua, na jina hilo hakulichagua yeye. Alikuwa mshonaji, cherehani yake barazani na futi ikining'inia shingoni kutwa, lakini watu hawakumjua kwa magauni. Walimjua kwa kile chombo cha shaba cha kupimia mvua kilichosimikwa nyuma ya nyumba, mbali na ukuta, ambacho watu wa hali ya hewa walikuja kukiweka wakati yeye bado ni bibi harusi mpya. Walikuwa wanatafuta mtu wa kujitolea, asiyezurura, mwenye jicho la kusoma mistari midogo. Wakamwachia bilauri ya kupimia, wakamwambia: kila siku saa tatu asubuhi, iwe imenyesha au haikunyesha, toka nje, pima, tuma. Alilishika neno hilo kama mtu aliyekula kiapo.

Majirani nao hawakumpa raha. "Mama Mvua, nianike nguo leo?"

"Mimi napima iliyokwisha kunyesha, mwenzangu. Itakayokuja kamuulize Mungu."

Mumewe alikuwa muuza nyama, na hapo ndipo kilipo kichekesho, maana sijui kama kuna nyumba nyingine iliyowahi kuwaweka pamoja watu wawili waliotofautiana hivyo katika mambo ya vipimo. Mke hakukata kitambaa bila kupima mara mbili. Mume aliishi kwa kukadiria. Mteja akitaka kilo alipata kilo na kipande, na kilo na kipande yeye aliiita kilo. Mtoto wa miaka tisa kwake alikuwa na miaka kumi. Aliongeza siku zote, hakupunguza. Kupunguza, alisema, ni dhambi ambayo mizani haisamehe. Na kile chombo cha nyuma ya nyumba alikifanyia utani tangu siku kilipofika.

"Haba na haba hujaza kibaba," alikuwa akisema huku ananawa mikono, "lakini kibaba chako wewe unakimwaga kila asubuhi! Hivi unampimia nani hasa?"

Mke alicheka, lakini swali lilimchoma. Kweli, alikuwa anampimia nani? Namba alizituma kwa kadi, baadaye kwa ujumbe wa simu, na hakuna aliyewahi kumjibu hata kwa neno moja. Mume alifariki akiwa hajajibiwa, na mjane akaendelea kutoka nje saa tatu, kwa ukaidi tu.

Kitindamimba wao, binti, alipata kazi ambayo hakuna aliyeielewa pale nyumbani. Alitengeneza kurasa za mtandao zinazosimulia hadithi kwa takwimu. Unateremsha ukurasa kwa kidole, na namba zilizokuwa zimelala zinaamka, zinageuka picha, zinatembea. Ukigusa nukta inakwambia yenyewe ni nini. Mama alipoulizwa binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Anachezesha hesabu," na hakuwa mbali na ukweli.

Alasiri moja, binti akiwa likizo, kazi ilimkwamia. Alitaka matone yaanguke kwenye ukurasa bila simu za bei rahisi kuganda. Akafanya wanavyofanya watu wa kazi yake wote wakikwama: akaingia kwenye jukwaa la mtandaoni wanakoulizana wao kwa wao, akaandika shida yake kwenye kisanduku cha kutafutia, akaanza kufukua mazungumzo ya zamani. Majibu yalikuwa mengi na mengi yalikuwa matusi. Katikati yake akakutana na mabishano marefu kuhusu ukurasa fulani wa mvua. Akaufungua aone matone yanavyoanguka. Juu kabisa palikuwa na namba ya kituo.

Namba ile aliijua kabla hajajua kusoma. Ilikuwa kwenye nguzo ya kile chombo cha nyuma ya nyumba, kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa baba yake, tarakimu ya mwisho ikiwa imemchuruzika.

"Mama! Njoo upesi!"

"Nina pini mdomoni!"

"Ziteme!"

Mama akaja, miwani puani, akidhani kuna nyoka. Binti akamkalisha, akakishika kidole chake, akakiweka kwenye kioo cha simu. "Teremsha taratibu."

Ukurasa ulikuwa mweupe. Tone moja la buluu likaanguka, likatua. Kisha jingine, kubwa zaidi. Kisha mengi.

"Kila tone ni siku moja," binti alisema. "Ni namba zako, mama. Ofisi ya hali ya hewa iliziachia mtandaoni, yeyote azichukue. Kuna mtu, sijui yuko nchi gani, amezigeuza hivi."

Mama Mvua akateremsha. Kidole chake kilichozoea kusukuma kitambaa kilikuwa kinasukuma miaka. Alipofika mwaka wa ukame ukurasa ukakauka. Akateremsha, akateremsha, weupe mtupu. Mwaka ule mumewe aliuza mifupa kuliko nyama. Kisha yakaja mafuriko, matone yakamiminika yakajaza kioo chote, na yeye, mtu mzima na akili zake, akainua miguu kutoka sakafuni.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Yote ipo. Hata ile ya siku ulipozaliwa ipo?"

Ilikuwepo. Aligusa tone, tarehe ikatokea. Alipigwa na butwaa jinsi ambavyo hakuwahi kupigwa tangu alipomwona mtoto wake wa kwanza. Asubuhi zote zile alizoziona zinamwagika kwenye majani, kumbe kuna mahali zilikuwa zinatunzwa, na watu asiowajua wala kuwadhania walikuwa wanazipitisha kidole moja moja.

"Na hawa wanabishana nini?" aliuliza.

Binti akasita. Alikuwa ameshayasoma. "Kuna mmoja anajiita Kobe, ndiye aliyeutengeneza ukurasa. Anasema namba zako ni safi kuliko za vituo vingine vyote alivyowahi kuviona. Ila kuna wiki chache, hapa na pale, ambapo kila mvua inaishia na sifuri au tano. Tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Mvua hainyeshi hivyo. Wenzake wanamwambia kuna mtu alikuwa anabuni huku amelala kitandani. Wanataka wiki hizo zifutwe, na kesho kutwa zinafutwa."

Damu ilimchemka. "Mimi? Mimi nibuni mvua? Nionyeshe wiki hizo!"

Binti akamwonyesha. Ya kwanza ilikuwa wiki aliyolazwa kujifungua kifungua mimba. Ya pili, kujifungua wa pili. Nyingine alikwenda kumuuguza mama yake. Nyingine alifanyiwa upasuaji. Hasira ikampungua kwa kila tarehe. Wiki zote hizo hakuwepo nyumbani.

"Alipima wifi yangu," alisema. "Baba yako aliniambia nisiwe na wasiwasi, amemwachia dada yake. Miaka yote nimekuwa nikimshukuru."

Wakampigia simu wifi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha darasa.

"Mimi? Nisogelee lile dude lako? Wifi, kule nyuma kulikuwa na vyura! Sijawahi kuligusa hata siku moja."

"Sasa ulikuwa unapokea shukrani za nini?"

"Nilijua unanishukuru kwa kupika!" Kisha sauti ikashuka. "Alipima kaka. Saa tatu, bucha limejaa watu, anafunga mlango, anawaacha wateja wanalalamika nje, anakuja mbio na aproni yake ina damu. Alinikataza nisikwambie. Alisema, mke wangu akijua, nitamtania na nini tena?"

Mama Mvua aliiweka simu mapajani. Alimwona kama alivyokuwa: mkono mnene umeshika bilauri, jicho moja limefumbwa, maji yamefika kati ya mstari na mstari, naye anajisemea, ah, tuseme kumi. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kwenye kicheko hichohicho akajikuta analia. Mtu yule aliyemuuliza maisha yake yote unampimia nani, alikuwa anafunga duka kwenda kumpimia yeye.

"Wasizifute," alisema. "Waandikie. Wasizifute, tafadhali."

"Niseme namba ni sahihi?"

"Usiseme uongo. Si sahihi. Alikuwa anakadiria, huyo hata umri wako alikuwa anaukadiria. Sema hivi: alitoka nje. Kila siku alitoka nje. Basi."

Binti akaandika, akaeleza wao ni nani, na kwamba mpimaji mwenyewe amekaa hapa pembeni na futi shingoni. Hakukuwa na jibu siku ile. Mama Mvua alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, jambo ambalo mteja wake bado analisimulia. Aliwaza kwamba watu wale hawamjui marehemu, hawakuwahi kula nyama yake, kwa nini wamwamini?

Jibu la Kobe lilikuja kesho yake asubuhi, nao walikuwa mezani na chai. Binti alilitafsiri polepole.

Kobe alisema hakutaka kuamini kwa huruma, kwa hiyo alikwenda kulinganisha. Alichukua vituo vya jirani, akazipanga wiki zile kando kwa kando. Siku ambazo kwa jirani palikuwa pakavu, hapa pia paliandikwa pakavu. Siku ambazo jirani walilowa, hapa pia palilowa. Mtu aliyelala kitandani hawezi kuyajua hayo. Kisha akaona jambo jingine lililomfanya, alisema, ainuke kwenye kiti chake: namba za mpimaji huyu wa pili zimezidi kidogo kila mara. Hakupunguza hata siku moja.

"Anauliza kwa nini," binti alisema.

"Mwambie alikuwa muuza nyama," mama akajibu. "Hata mvua aliipa nyongeza."

Kobe aliandika kwamba hatafuta hata tone moja. Wiki zile atazipaka rangi yake peke yake, nyekundu, na mtu akigusa atasoma: mpimaji wa pili. Dakika chache baadaye ukurasa ulikuwa umebadilika. Mama Mvua akateremsha kwa kidole na kuona, katikati ya buluu yake yote, mahali pachache penye wekundu. Alipokuwa anaumwa, alipokuwa anazaa, alipokuwa kwao, mumewe yupo. Hakujua mtu anaweza kuonyeshwa ndoa yake yote kwenye kitu kinachotosha kiganjani.

Simu ikalia tena. Kobe alikuwa na swali moja la mwisho, na aliomba radhi kama ni kuwasumbua. Katika mstari mzima, tangu tone la kwanza, kuna wiki moja tu tupu kabisa. Haina buluu wala nyekundu, hata sifuri haina. Je, chombo kiliharibika?

Binti aliisoma tarehe na hakuweza kuitafsiri. Hakukuwa na haja. Mama yake alikuwa ameshaiona mwenyewe.

"Mwambie chombo kilikuwa kizima," alisema. "Wiki hiyo tulikuwa tunamzika mpimaji wa pili."

Nje ilikuwa imetulia baada ya mvua ya usiku, na saa ya ukutani ilikaribia tatu. Mama Mvua akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akachukua bilauri yake, akatoka. Binti alimwona dirishani ameinama kwenye nguzo yenye namba nyeupe iliyochuruzika, akimimina maji, akiinua bilauri usawa wa jicho, na akikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Ngapi, mama?" aliita.

"Kumi na tano!"

Kisha akarudi mlangoni, miguu imelowa umande, akicheka na macho yamemjaa.

"Andika kumi na mbili nukta saba."